Sanduku la Maswali: Kazi ya Uzi Katika Nyumba Yenye Watu

Barua nyingi za safari hii hazihusu ufundi wenyewe bali namna ya kuupatia nafasi ndani ya nyumba ambamo kuna mtoto anayelia, mgonjwa anayehitaji dawa na mlango unaobishwa kila baada ya robo saa. Ninaposema kufuma nakusudia kazi zote mbili, ya sindano mbili na ya kulabu moja, yaani krosheti. Pale ambapo tofauti yake ina maana, nitaitaja.

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, na mdogo ana miaka miwili. Miezi minane iliyopita nilianza kufuma blanketi la kitanda kwa sindano mbili, lenye vitanzi 240 kwa mstari na mapambo ya kusokotana. Hadi leo halijafika hata nusu mita, kwa sababu kila nikikaa naitwa, na nikirudi sijui nilikuwa nimefika wapi. Juzi mdogo alichomoa sindano, na vitanzi kama thelathini vikateremka. Je, niache kufuma mpaka watoto wakue?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiache kufuma, ila hilo blanketi lipumzishe. Ulichagua kazi ya mtu mwenye saa mbili za utulivu kila jioni, kisha ukaifanya katika dakika kumi kumi za mama wa watoto watatu, na hapo hata fundi wa miaka arobaini angeshindwa. Mimi nikichagua kazi ya kufanyia sebuleni, kabla ya kutazama rangi au uzuri wake hujiuliza kwanza kama inaweza kukatizwa mara ishirini kwa siku bila kuharibika.

Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari viko wazi kwa wakati mmoja, na kila kimoja kimeshikilia kilicho chini yake. Sindano ikichomoka, kitanzi hukosa mshikaji, kikateremka mstari baada ya mstari na kuacha alama inayofanana na ngazi. Krosheti haiko hivyo, kwa sababu kila mshono hufungwa kabla ya unaofuata kuanzwa, na kinachobaki wazi ni kitanzi kimoja tu. Mtoto akichomoa kulabu, na hata akiuvuta uzi kidogo, utapoteza mishono michache ambayo utairudisha kwa dakika moja. Ukitia pini kwenye kitanzi hicho kimoja kabla ya kunyanyuka, hupotezi chochote.

Kwa hiyo saa ambazo watoto wako macho ningezipa krosheti, na ningezipa miraba midogo. Unaanza na mnyororo wa mishono minne uliofungwa kuwa duara, halafu unatia mafungu manne ya mishono mirefu mitatu mitatu, huku kila pembe ikitenganishwa na mnyororo mfupi. Kila mzunguko unaofuata huongeza fungu moja katika kila upande. Uzuri wake kwa mama kama wewe ni kwamba kazi yenyewe inakumbuka kwa niaba yako: hesabu mafungu ya upande mmoja, na yakiwa matatu basi umemaliza mzunguko wa tatu. Huhitaji karatasi wala kumbukumbu. Kwa uzi wa unene wa kati, mizunguko minne au mitano hutoa mraba wa karibu sentimita 10, hivyo blanketi la mtoto la sentimita 100 kwa 120 litahitaji miraba 120. Ukifuma mmoja kwa siku, umemaliza kwa miezi minne, na kila usiku unalala ukiwa na kitu kilichokamilika mkononi.

Tahadhari yangu moja tu: ficha ncha za uzi siku ileile. Kila mraba wa rangi moja una ncha mbili, na 120 yake ina ncha 240. Wa rangi tatu una ncha sita. Nimewahi kuona mablanketi mazuri yakizeeka kabatini kwa sababu tu mwenyewe aliogopa kukaa na sindano ya mkono kuzificha zote kwa pamoja.

Blanketi la zamani usilifumue. Siku moja watoto wakiwa wamelala, lilaze mezani, ingiza kulabu katika kila kitanzi kilichoteremka, na uvute vidaraja vya ile ngazi kimoja kimoja mpaka urudi juu. Kisha pitisha uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja, ili siku sindano itakapochomoka tena viishie hapo. Na usinyanyuke bila kuandika namba ya mstari. Mimi niliwahi kwenda kufungua mlango nikikariri “mstari wa kumi na saba, mstari wa kumi na saba”, nikarudi na namba ya simu ya mgeni kichwani na mstari sijui umekwenda wapi.

Swali: Mwenzangu Shangazi, nilimfumia mjukuu wangu wa miaka sita sweta la sufu halisi, kazi ya miezi miwili. Mkamwana wangu akalitia kwenye mashine pamoja na nguo nyingine kwa maji ya moto, likatoka dogo la kumtosha mwanasesere na gumu kama zulia. Mwanangu ananisihi nisikasirike. Je, sweta hilo linaweza kurudi kama lilivyokuwa?

Jibu: Halirudi, mwenzangu, na ni afadhali nikuambie mapema kuliko kukuacha uhangaike. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana yanayoelekea upande mmoja. Maji ya moto na sabuni huyainua magamba hayo, na msukosuko wa mashine huyasukuma yakashikana, kila unywele ukimwingilia mwenzake bila njia ya kurudi nyuma. Sweta lililopungua kidogo tu, ambalo vitanzi vyake bado vinaonekana, hulowekwa nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye losheni ya kulainishia nywele, kisha huvutwa taratibu likiwa limelowa na kubanwa kwa pini kwenye kipimo chake mpaka likauke. Lako umesema ni gumu kama zulia, maana yake hatua hiyo imeshapita.

Hata hivyo sufu iliyoshikana kiasi hicho ina sifa moja ya ajabu, nayo ni kwamba ukiikata kwa mkasi haichomoki nyuzi. Kata nyayo za ndara za nyumbani, au kitambaa cha kushikia vyombo vya moto, bila kuhitaji pindo. Mjukuu wako atalifurahia sweta lake likiwa chini ya miguu yake kuliko likiwa ushahidi juu ya kabati.

Sasa niruhusu niulize: je, ulimwambia mkamwana wako linavyofuliwa? Mtu anayefua nguo za familia nzima hana muda wa kupapasa kila nguo akibuni imetokana na nini. Sweta la kufuma ukilitoa bila karatasi ya maelekezo ya kulifua, umempa mtu mtego, naye atanaswa akiwa anafanya wema. Andika kwenye karatasi ndogo: maji yasiyochoma mkono, kuminya bila kusokota, kuviringisha ndani ya taulo, kukausha likiwa limelazwa, kwa kuwa sweta la sufu likianikwa limelowa hurefuka kwa uzito wake.

Kwa mtoto wa miaka sita anayecheza chini, mimi nisingetumia tena sufu ya kawaida. Ipo sufu ambayo magamba yake yametibiwa kiwandani ili yasishikane, na lebo yake husema wazi kwamba inaweza kufuliwa kwa mashine. Akriliki, yaani uzi usio wa asili, nayo huvumilia mashine, ila iogope pasi: joto lake huulegeza uzi moja kwa moja, na sweta likishalegea hivyo halisimami tena. Pamba haina tatizo la kushikana, lakini ni nzito na haina mnyumbuko, kwa hiyo mikono ya sweta hushuka kadiri inavyovaliwa.

Swali: Shangazi, dada yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nimemfumia mtoto blanketi jepesi lenye matundu ya urembo, kofia yenye kamba za kufungia kidevuni, na sungura mwenye macho ya vifungo. Nataka kujua nivioshe kwa sabuni gani kabla ya kuvikabidhi.

Jibu: Sabuni ni jambo dogo, ndugu yangu, yoyote isiyo kali na isiyo na manukato makali itafaa. Kinachonitia wasiwasi ni vitu vyenyewe.

Madaktari wa watoto hushauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alale bila blanketi lililolegea, bila mto na bila mwanasesere laini mahali anapolala, kwa sababu vinaweza kumfunika uso naye hana nguvu ya kuvisogeza. Tena blanketi lenye matundu hunasa vidole, na uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukazuia damu bila mtu kujua mtoto analia nini. Blanketi lako mpe dada ajifunike mwenyewe mabegani anaponyonyesha. Hiyo ni kazi nzuri kwalo, na usiku wa kunyonyesha ni mrefu.

Kamba za kofia zikate leo. Kichwa cha mtoto mchanga huwa na mzunguko wa karibu sentimita 35, na akifikisha mwaka hukaribia 46, hivyo fuma kofia iliyo pungufu kidogo ya kichwa ili ishike kwa mnyumbuko wake wenyewe, wala si kwa kamba. Ivuliwe anapolala ndani ya nyumba, kwani mtoto mchanga hupunguza joto la mwili sana kupitia kichwa. Kuhusu sungura, ng’oa macho yote mawili na uyadarizi kwa uzi mweusi. Kifungo kilichoshonwa kwa mkono hung’oka, na mtoto wa miezi minane huonja kila kitu. Kama pamba ya ndani inaonekana kati ya mishono, sungura huyo alifumwa kwa kulabu kubwa mno. Wanasesere hufumwa kwa kulabu ndogo kuliko ile inayotajwa kwenye lebo ya uzi, ili mwili uwe umekaza.

Swali: Mimi ni baba. Mwanangu wa kiume mwenye miaka tisa amevutiwa na krosheti kwa kumtazama mama yake. Mjomba wake anamcheka kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Isitoshe, mtoto anatumia mkono wa kushoto, na mama yake amejaribu kumfundisha mara tatu bila mafanikio. Tufanyeje?

Jibu: Tuanze na mjomba, kwani huyo hachukui muda. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wafumaji wa kofia za sindano ni wanaume, na wavulana hujifunza wakiwa wadogo. UNESCO iliitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Na mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa mwaka 1589 na William Lee, kasisi wa Uingereza. Mjomba akimaliza kusoma hayo, mwambieni baridi ikija asiombe kofia.

Suala la mkono wa kushoto linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa watoto wengi. Nina hakika mama yake humketisha ubavuni, kama walimu wengi wafanyavyo. Mtoto anayetumia kushoto akikaa ubavuni huona kila kitu kikienda kinyume, naye hulazimika kugeuza picha kichwani huku akipigana na uzi. Mketisheni mbele ya mama yake, ana kwa ana, magoti karibu yagusane. Mkono wa kulia wa mama utakuwa mkabala wa mkono wa kushoto wa mtoto, naye ataiga kama anayejitazama kwenye kioo. Baadaye akianza kusoma maelekezo, mwambieni kwamba palipoandikwa kulia yeye asome kushoto, na kwamba mchoro wenye herufi utamtokea umegeuka, kwa hiyo achague michoro ambayo pande zake mbili zinafanana.

Mpeni uzi mnene wa rangi nyepesi, kwa kuwa rangi nyeusi huficha mishono hata kwa sisi wazoefu, na kulabu ya milimita 6 hivi. Siku ya kwanza afume mnyororo tu, mrefu kadiri atakavyo, hata ukizunguka viti vyote. Kazi ya pili iwe kitu kinachokwisha kwa kikao kimoja, kama bangili ya mkononi. Na mama, nakuomba usinyanyuke usiku ukamrekebishia mishono yake kwa siri. Watoto hutambua, na asubuhi kazi huwa si yao tena.

Swali: Nikifuma kwa saa moja naumwa kifundo cha mkono na kidole gumba. Je, ni uzee?

Jibu: Huenda unaikamata kulabu kana kwamba inataka kukukimbia. Legeza mkono, fuma dakika ishirini kisha inuka, na uwe na kazi mbili tofauti ili misuli ileile isirudie jambo lilelile siku nzima. Maumivu yakikuamsha usiku, au vidole vikifa ganzi, weka uzi chini na umwone daktari.

Swali: Binti yangu wa miaka 15 hataki kuvaa sweta nililomfumia. Anasema linamwasha na rangi haipendi. Nimlazimishe?

Jibu: La. Sweta linalowasha linawasha kweli, na wewe ulichagua rangi unayoipenda wewe. Lifumue, na safari hii yeye achague sura yake. Anzia pale ulipofungia mwisho, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge shada hilo sehemu nne kwa vipande vya uzi, uliloweke maji na ulitundike mpaka mawimbi yanyooke. Shati la msichana huyo ambalo analivaa mpaka linachakaa ndilo utakalolipima ili kupata upana sahihi. Kama bado ule uzi unamwasha shingoni, ufume kofia ya mtu mwingine.

Swali: Shikamoo Shangazi. Mama yetu alifariki mwaka jana akiwa anamfumia baba sweta la vifungo. Ameacha mgongo uliokamilika, upande mmoja wa mbele uliokamilika, na upande wa pili uko bado kwenye sindano, mstari ukiwa umeishia katikati. Hakuna karatasi yoyote ya maelekezo. Baba ananiomba nilimalize, lakini mkono wangu unabana kuliko wa mama, nami naogopa kuliharibu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na baba.

Kabla ya kugusa sindano, pitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo wazi, na upige picha. Kisha utazame mahali alipoishia. Uzi unaotoka kwenye donge unaning’inia kutoka kitanzi alichokifuma mwisho, na sindano yenye kitanzi hicho ndiyo unayotakiwa kuishika kwa mkono wa kulia. Ukizikosea sindano ukageukia upande mwingine, utaacha tundu. Malizia mstari huo ulivyo. Najua wapo watakaokushauri uufumue ili uanze safi, lakini mimi nisingeufumua.

Upande wa mbele uliokamilika ndio karatasi yako ya maelekezo. Ulaze mezani, uhesabu mistari tangu pindo hadi kwapa, na uweke alama kila mahali alipopunguza vitanzi kwapani na shingoni. Upande wa pili utafuata hesabu hiyohiyo, ila kila upunguzaji utahamia ukingo wa pili, kama viganja viwili.

Kuhusu mkono wako kubana, hilo linapimika. Katikati ya mgongo aliofuma mama, mbali na kingo, hesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10. Kisha ufume kipande kidogo kwa sindano zake na uhesabu vyako. Tuseme vyake ni 20 na vyako ni 22. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa vitanzi 110 mkono wa mama ungetoa sentimita 55 na wako 50, na baba atalisikia kifuani. Usijilazimishe kulegeza, kwani utasahau baada ya mistari mitatu. Badilisha sindano, uchukue zilizo kubwa kwa nusu milimita, ujaribu tena mpaka vitanzi vyako vifike 20. Mikono yote miwili ya sweta uifume wewe, usitafute msaidizi wa kufuma mmoja, ili kama kuna tofauti iliyobaki ifanane kulia na kushoto. Urefu wake upime kutoka sweta la zamani ambalo baba hupenda kulivaa.

Tafuta kanda ya karatasi iliyozunguka donge la uzi. Pamoja na namba ya rangi huwa na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, na mikupuo miwili ya rangi moja mara nyingi hutofautiana kidogo. Usipoupata mkupuo wa mama, uzi wake uutumie kumalizia upande wa mbele, na mikononi upokezane mistari miwili ya donge lake na miwili ya donge jipya, ili jicho lisione mpaka.

Huenda ukikagua mgongo ukakuta kitanzi alichokipinda au mstari uliozidi. Kiache hapohapo.

Mwisho ni vifungo. Katika sweta la mwanamume upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia, kwa hiyo matundu ya vifungo huwa kushoto. Angalia ule upande uliokamilika ni upi, na kama mama alikwisha kuacha matundu, hesabu ni mangapi. Usinunue vifungo kabla ya kufungua mkebe wake wa sindano, maana mtu anayefika mbali hivyo na sweta mara nyingi huwa ameshaviweka tayari.